Sifa Alizoandikiwa Soila

Katika chuo kidogo cha biashara pale Ngarenaro, ghorofani, juu ya mafundi wanaochomelea mageti, hakukuwa na mtu aliyejua kuandika barua ya kumtambulisha mwanafunzi kama Madamu Evaresta. Waliohitimu miaka kumi iliyopita walikuwa bado wanazipanda zile ngazi, bahasha mkononi, kuja kuomba. Wengine hawakuwa hata wanafunzi wake. Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara aliwahi kumletea binti yake aliyekuwa akitafuta kazi ya mapokezi hotelini, na Evaresta, baada ya kumhoji yule binti kwa dakika kumi, akamwandikia. Binti akapata kazi. "Mkono wake una baraka," watu wakasema. Naye alijua kwamba wanasema hivyo, na ingawa alikuwa mtu wa kuinamisha macho akisifiwa, jambo lile lilimpa joto moyoni kuliko mshahara.

Barua zake zilikuwa na mtindo mmoja. Zilianza na utii, zikaja kwenye unyenyekevu, zikapitia bidii ya kazi, zikaishia kwa Mungu. Ni msikivu kwa wakubwa wake, hana makuu, hajawahi kuleta ugomvi. Mtindo huo hakuubuni yeye. Aliurithi kwa baba yake, Mwalimu Ndesanjo, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Kibosho na ambaye watoto wa kijiji kizima waliandikiwa barua zao juu ya meza yake ya chakula, kwa kalamu ya wino. Evaresta mwenyewe alipandishwa ngazi kwa ngazi na barua za namna hiyo. Paroko alimwandikia akaingia sekondari ya masista. Masista wakamwandikia akaingia chuo. Mkuu wa chuo akamwandikia akapata kazi yake ya kwanza ya kufundisha, Kikatiti. Wote waliandika kwamba binti huyu hana mdomo. Na kweli hakuwa na mdomo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, hakuolewa, anaishi Sakina katika nyumba ya vyumba viwili yenye migomba nyuma, na hakuikumbuka siku aliyowahi kumwambia mkubwa wake "hapana".

Kwa hiyo Soila alipokuja mwezi wa Januari kuomba barua, hakuona kama ameletewa mzigo. Aliona kama ameletewa kazi anayoiweza.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Maziwa yote yale mnawauzia watu tu, nyie wenyewe hamnywi?"

Soila akacheka, akaketi kwenye ncha ya kiti kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mwanafunzi. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, kwao ni kule juu upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa watu wanaolima mahindi na kufuga. Katika miaka yote ambayo Evaresta alikuwa amefundisha pale, hakuna aliyewahi kutoka na alama kama zake. Nne nukta nane, juu ya tano. Alikuwa ameomba kusoma MBA katika shule kubwa ya biashara, Afrika Kusini, na ufadhili aliokuwa akiuwania ulikuwa mmoja tu kwa nchi zote za huku kwetu: ada, nauli, malazi, kila kitu. Alitaka kurudi ajenge kiwanda kidogo cha mtindi, cha akina mama wa kwao.

"Tatizo ni hili," akasema, akaweka karatasi mezani.

Yalikuwa matokeo ya ule mtihani wa kujiunga, unaofanywa kwenye kompyuta, saa ikihesabu pembeni ya kioo. Mwalimu Godwin, anayefundisha takwimu na anayetumia ofisi moja na Evaresta, akanyoosha shingo bila kuombwa.

"Hii ni alama au ni namba ya chumba cha gesti?"

"Godwin!" Evaresta akamkemea.

"Nauliza tu. Kumi na tisa. Kwa hiyo kati ya kila watu mia, themanini na mmoja hivi wamekupita, Soila? Wewe uliyekuwa unanisahihisha mimi ubaoni?"

"Nilifanya mara mbili, Mwalimu. Nilienda Dar es Salaam mara mbili. Mara ya pili nikashuka zaidi." Alisema bila kujificha. "Swali ndiyo kwanza linaanza kuninogea, saa imekwisha."

"Mtihani wenyewe naujua. Treni imetoka mji huu, nyingine imetoka mji ule, zitakutana saa ngapi. Umewahi kupanda treni, wewe?"

"Sijawahi."

"Sasa zikutane vipi!"

Wakacheka wote watatu, hata Evaresta, akijifuta macho. Lakini Soila aliacha kucheka mapema.

"Walinipigia simu wale wa udahili," akasema. "Walikuwa waungwana. Wanasema alama za chuo zinasema hivi, mtihani unasema vile, na chuo chenu hatukijui. Hatujui tuamini kipi. Wanasema mwalimu wangu ndiye atakayewasaidia kuamua. Kwa hiyo, Madamu, mimi nimeshafanya yangu yote. Kilichobaki ni wewe."

Evaresta akamwambia asiwe na wasiwasi. Akamwambia hivyo mara mbili.

Soila aliposhuka ngazi, Godwin alisubiri mpaka kelele ya mashine za mafundi ikatulia kidogo.

"Waandikie ile ya maziwa," akasema.

"Ile ipi?"

"Ah, Madamu. Usinifanye mimi mgeni hapa."

"Nitaangalia."

"Usiangalie, andika. Mficha uchi hazai."

Ile ya maziwa haikuwa imetajwa mle ofisini kwa miaka sita.

Ilikuwa hivi. Karibu na Ngaramtoni palikuwa na kituo cha kukusanya maziwa, na mwenye kituo alikuja chuoni kuomba ushauri. Alikuwa anakusanya maziwa ya asubuhi tu, na alitaka kukua. Evaresta aliifurahia heshima ile. Kwa wiki tatu alipiga hesabu, na hesabu ikatoka safi: ng'ombe hukamuliwa mara mbili, gari linaenda mara moja, likienda na jioni, maziwa yatakaribia maradufu. Alimwalika mwenye kituo darasani, akamketisha mbele na koti lake, akachora yote ubaoni kwa chaki za rangi. Wanafunzi arobaini walikuwa wakinakili. Ndipo mkono ukanyooshwa kutoka nyuma.

"Madamu, naomba kusema."

"Sema, Soila."

"Hiyo gari ya jioni itarudi tupu."

Darasa likacheka. Evaresta naye akatabasamu. "Kwa nini irudi tupu? Ng'ombe wa kwenu wamegoma kukamuliwa jioni?"

Darasa likaangua kicheko. Soila akasubiri kiishe.

"Wanakamuliwa, Madamu. Lakini kwetu ya asubuhi ni ya mzee, ya jioni ni ya mama. Ya asubuhi mzee anayauza bila kumuuliza mtu. Ya jioni yakishaingia ndani, mama ndiye anayegawa: watoto, jirani aliyejifungua, mgeni akitokea. Mzee hayaulizii. Akiyaulizia, wenzake watamcheka mpaka ahame. Sasa hapo ubaoni mmefanya mkataba na wazee. Mmenunua kitu kwa mtu asiyekuwa nacho."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenye kituo akageuka kitini kumtazama yule binti, kisha akageuka kumtazama Evaresta, akingoja. Na Evaresta, aliyelelewa akaamini kwamba mtoto hasemi mbele ya mgeni, alihisi uso unamchoma kama aliyepigwa kofi.

"Kaa chini, Soila," akasema. "Hapa tunafundisha biashara, hatufundishi mila."

Soila akakaa chini. Gari likaenda jioni kwa wiki tatu, likarudi kila siku na debe moja, debe moja na nusu, na mara nyingine na dereva peke yake. Wiki ya nne likaacha kwenda. Mwenye kituo hakupiga simu tena.

Soila ndiye aliyekuja. Hakuja kusimanga. Aligonga mlango, akasema, "Pole, Madamu," na kabla Evaresta hajajua aseme nini, akaomba ruhusa ya kufanya utafiti wake wa mwisho juu ya jambo lilelile. Akapanda mlima kwa miguu, boma kwa boma, likizo nzima, akiketi na wanawake jikoni. Alichokuja nacho kilikuwa chepesi mno hata mtu akajiuliza kwa nini hakikuonekana tangu mwanzo: msiyachukue maziwa ya jioni kwa akina mama, waacheni wenyewe wayagandishe kwenye vibuyu vyao kama wanavyojua, wakishatoa sehemu ya watoto, na mtindi huo wauuze wenyewe siku ya soko. Wakaanza wanawake tisa. Sasa walikuwa sitini na zaidi, wana banda lao Ngaramtoni, na hoteli mbili za mjini zilikuwa zikichukua kwao. Evaresta aliupa utafiti ule alama ya juu kuliko zote alizowahi kutoa. Ila juu ya siku ile ya "kaa chini", hakuwahi kusema neno, wala Soila hakuwahi kumuuliza.

Fomu ya shule ile ilikuja kwenye kompyuta yake Jumamosi moja. Alimaliza kufua, akaanika, akakoroga chai, akaketi mezani dirisha likiwa wazi. Hakukuwa na mahali pa kuandika barua yake ya kawaida. Kulikuwa na maswali, na chini ya kila swali kijisanduku. Mawili ya kwanza yalikuwa rahisi: unamfahamu mwombaji kwa muda gani, na kazi yake ikoje. La tatu lilisema: Eleza mara moja ambapo mwombaji alitofautiana na mtu aliye juu yake. Alifanya nini, na matokeo yakawa nini?

Alilisoma mara tatu. Swali gani hili? Akajaribu kumfikiria baba yake akiulizwa swali kama lile juu ya mtoto wa kijijini. Mwalimu Ndesanjo angeikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema hawa watu wanatafuta kumharibia mtoto.

Hata hivyo alianza. Aliandika: Alipokuwa mwaka wa pili, Soila alinipinga mbele ya mgeni. Akaitazama sentensi ile. Ilikaa pale kwenye kioo kama shtaka. Mtu wa mbali, ambaye hamjui Soila, ataisoma na kuona nini? Mtihani ameshindwa, na adabu hana. Nani atampa mtu huyo ufadhili? Hiyo ndiyo sababu aliyojiambia, na ilikuwa sababu ya kweli. Angeweza kuapa kanisani.

Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, na Evaresta aliijua ilipokaa, kama mtu anavyojua jino lipi linauma bila kuligusa. Ili kuandika sentensi ya pili ilibidi aandike: nami nilikuwa nimekosea. Ili kuandika ya tatu ilibidi aandike: nikamwambia akae chini. Alishika kikombe, akakiona kimepoa.

Akafuta. Akaandika kwa mkono wake ule wenye baraka:

Katika miaka yote niliyomfahamu, Soila hajawahi kutofautiana na mkubwa wake hata mara moja. Ni msikivu, mnyenyekevu, mpole, na mwenye hofu ya Mungu.

Swali lililofuata liliuliza udhaifu wa mwombaji, naye akajibu kwamba hauoni. Akatuma. Akatoka nje kugeuza nguo kwenye kamba, na ule utulivu wa mtu aliyemtendea mwenzake wema ukamshukia, akawa anaimba kidogo.

Jumatatu Godwin akauliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ile?"

"Nimemwandikia vizuri, Godwin. Kunywa chai yako."

Jibu lilikuja Aprili, mvua zikiwa zimeanza na ngazi za chuo zimejaa tope. Soila aliingia ofisini na simu mkononi, viatu ameviacha mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Wamekataa, Madamu," akasimama pale kama anayengoja kuambiwa kwamba si kweli.

Evaresta akainuka, akamkumbatia. Ulikuwa ule mtihani, alisema. Ule mtihani haumjui mtu. Mungu ana njia zake.

"Sio mtihani," Soila akasema. "Mimi pia nilidhani ni mtihani. Niliwaandikia kuwauliza, kwa adabu tu, nijue nirekebishe nini. Wamejibu. Nikusomee?"

"Nisomee."

Akasoma taratibu, akilifasiri kila neno kana kwamba Evaresta ndiye asiyejua Kiingereza, au kana kwamba yeye mwenyewe alitaka kulisikia katika lugha isiyomtisha. Alama zako za chuo ni za juu sana. Matokeo ya mtihani yalitupa shaka, lakini tumewahi kuwapokea watu wenye matokeo kama hayo, na insha yako ilitushawishi. Hata hivyo, tukio ulilolieleza kwenye insha halikulingana na maelezo ya mwalimu wako. Kwa kuwa hatukuweza kulithibitisha, hatukuweza kuendelea.

Mvua ilikuwa ikigonga bati la kibaraza cha mafundi chini. Godwin alikuwa darasani. Evaresta alishukuru kwa hilo, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

"Uliandika tukio gani?" akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Ile ya maziwa." Soila akainamisha macho. "Nisamehe, Madamu. Sikukutaja jina, wala sikusema kwamba uliniketisha. Niliandika tu kwamba nilimwambia mwalimu wangu mawazo yangu, naye akaniruhusu nikayapime. Si ndivyo ilivyokuwa mwishoni? Nilifikiri hata wewe utaandika hiyohiyo, kwa sababu ndiyo kubwa. Sasa najiuliza hawakunielewa wapi. Labda Kiingereza changu."

Ilikuwa nafasi yake. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani, na yule binti alikuwa amemfungulia mlango kwa mikono miwili. Neno alikuwa nalo. Miaka arobaini na sita ya kutokuwa na mdomo ikalishika.

"Labda," akasema. "Labda Kiingereza."

Soila akatikisa kichwa kukubali, akavaa viatu vyake mlangoni, akashuka.

Mtu akikosea mara ya kwanza kwa woga, anaweza kujipatia udhuru. Ni hii mara ya pili iliyomwondolea Evaresta usingizi na hamu ya chakula. Alikuwa ameiba ukweli wa mtoto wa watu, na alipoulizwa umepotelea wapi, akasaidia kuutafuta. Kwa wiki nzima alizikumbuka barua zote alizowahi kuandika, mamia kwa mamia, akajaribu kumkumbuka hata mtu mmoja aliyekuwemo ndani yake. Walikuwa wote mtu mmoja. Msikivu, mnyenyekevu, hana makuu. Wakati mwingine alidhani mtu huyo ni yeye mwenyewe, anajiandikia tena na tena, akiomba apokelewe mahali.

Aliwaandikia wale wa udahili. Ilimchukua siku nne, na safari hii aliandika yote: gari, chaki za rangi, kaa chini. Aliandika kwamba Soila alisema kweli na kwamba yeye, mwalimu wake, ndiye aliyesema uongo. Jibu lilikuwa la mistari mitatu. Walimshukuru kwa uaminifu wake. Nafasi na ufadhili vilikuwa vimeshatolewa kwa mwombaji mwingine. Mwombaji wake alikaribishwa kuomba upya mwaka ujao, ila ufadhili ule ulikuwa wa mwaka huo tu.

Basi ikabaki kazi moja, ile ambayo angepaswa kuanza nayo. Aliikwepa Mei yote na Juni karibu yote. Jumapili ya mwisho ya Juni, baada ya misa ya kwanza, ukungu ukiwa umeukalia mlima na baridi inauma vidole, alikodi bodaboda mpaka Ngaramtoni, akachukua nyingine kupanda juu.

Soila alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya ng'ombe. Alipomwona, alipangusa mikono kwenye kitenge, akaja mbio.

"Madamu! Shikamoo! Mbona hukusema unakuja? Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuja kusema neno, na nikiingia ndani sitalisema. Acha nilisemee hapahapa."

Akalisema wamesimama kwenye mahindi. Hakulipamba. Alichoandika, kwa nini aliandika hivyo, na ile siku ya mvua aliposema labda Kiingereza. Alieleza pia juu ya barua ya pili na mistari mitatu iliyokuja.

Ng'ombe walikuwa wakitafuna. Soila aliokota jani moja, akalichana katikati, polepole, mpaka mwisho.

"Ungeniambia tu," akasema hatimaye.

"Najua."

"Hapana, Madamu, sikiliza." Na hapo sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya gari, haina hasira, haina haraka. "Ungeniambia kwamba ile ya maziwa inakuumiza, ningeandika nyingine. Ninazo nyingi. Nimeshagombana na wazee huku mpaka nikaitwa kikaoni mara mbili. Ningewaandikia hiyo, na wewe ungeandika hiyo. Sikuihitaji ya kwako. Niliichagua kwa sababu nilidhani ni yetu sote wawili. Nilikuwa naiona kama kitu kizuri ulichonifanyia. Kwamba nilikwambia umekosea, na bado ukanipa ruhusa."

Katika miaka yote ile Evaresta alikuwa ameificha siku ile kama fedheha yake, na kumbe mwenzake alikuwa ameihifadhi kama zawadi.

"Mwaka ujao unaomba tena?" akauliza.

"Nitaomba. Ufadhili sijui nitautoa wapi, na ule mtihani itabidi nirudie, nao utanichinja tena. Lakini nitaomba." Soila akasita. Ilionekana wazi kwamba neno linalofuata linampa tabu kulisema kwa mtu mzima, na kwamba atalisema. "Nimemwomba Mwalimu Godwin aniandikie. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Safari hii, Madamu, naomba wewe usiandike."

"Sawa, mwanangu."

"Usichukie."

"Sichukii. Umefanya vizuri."

Wakaingia ndani. Mama yake Soila, Namnyaki, alikuwa ameshasikia kwamba mwalimu amekuja, na alikuwa amejifunga shuka jipya na kuvaa shanga zake za kwendea kanisani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na karibu. Kwa mambo mazito alisema Kimaasai, na binti yake akafasiri. Alimketisha Evaresta kwenye kiti chenye mto, yeye akaketi kwenye kigoda mkabala naye, karibu sana, goti kwa goti, akasema maneno mengi kwa mkupuo mmoja.

Soila alikuwa anachochea moto. Alifasiri bila kugeuka, akimwita mama yake "yeyo" kama wanavyoita kwao.

"Yeyo anasema asante kwa sifa ulizoniandikia. Anasema kila siku anakuombea. Anasema wale watu wa mbali hawajui kusoma, maana wangejua kusoma wangeona mwalimu kama wewe anamwamini mwanawe."

Namnyaki akatikisa kichwa kwa nguvu kuthibitisha, macho yakiwa kwa Evaresta.

"Soila," Evaresta akasema. "Mwambie ukweli. Mwambie kosa ni langu. Mwambie nimekuja kwa ajili hiyo."

Soila akageuka, akamtazama mwalimu wake, kisha akamtazama mama yake. Moshi ulikuwa unapita kati yao. Akasema maneno machache ya Kimaasai, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Namnyaki akacheka kidogo, kicheko cha huruma, akasema "Ah, ah," akauchukua mkono wa Evaresta akaufunika kwa mikono yake miwili iliyokuwa mikavu na yenye joto.

Evaresta hakujua Kimaasai zaidi ya salamu, ila maneno yale yalikuwa machache mno kubeba kosa lake, na hakuuliza nini kimesemwa. Aliuacha mkono wake pale, ndani ya mikono ya yule mama, mpaka chai ilipoletwa.